Mrejesho: ile filamu yangu ya kwanza, tumemaliza kushuti

Wakuu, mimi ndo yule niliyeuliza nijiandaeje kuigiza mara ya kwanza kwenye filamu ya bajeti ndogo. Aliyesema nibebe kitabu cha kusoma, asante sana, kusubiri taa na sauti zikae sawa ndo kazi yenyewe. Ila mpangilio ulinivuruga, tumeanza na sini, yaani kipande cha hadithi, ya msiba halafu ndo tukashuti tunavyofahamiana, na sini moja inarudiwa weee, kamera inachukua wote, kisha uso wangu, kisha wa mwenzangu, na kikombe lazima nikiinue kwenye neno lilelile la sivyo mhariri hawezi kuunganisha. Malipo bado ahadi, lakini kupewa nakala ya sini zangu iko kwenye mkataba, hiyo niliibana mapema.