Kontena la ethanoli kupitia Mombasa: stika za hatari ziwe ngapi, ukubwa gani, na namba ya UN inawekwa nje?

Mpakizi_Jinja
Salaam wakuu. Alhamisi tunapakia kontena la futi 20 hapa Jinja: mapipa 80 ya chuma ya lita 200, ethanoli asilimia 96, UN 1170 (namba ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha bidhaa hatari), daraja la 3 (vimiminika vinavyowaka), kundi la ufungashaji II (hatari ya wastani). Linapita Malaba hadi Mombasa, kisha meli hadi Moroni, Komoro. Stika tulizonazo ni za sentimita 10, zilezile za kwenye mapipa. Ejenti anasema mbili mlangoni zinatosha. Mwenzake anataka namba ya UN na jina la bidhaa viandikwe nje. Nimfuate yupi?

MamaMakasha
Ndugu, ejenti wa kwanza amekosea kabisa. Stika ya sentimita 10 ni ya pipa. Ya kontena, kwa kanuni za IMDG (kanuni za kimataifa za kusafirisha bidhaa hatari baharini), haipungui milimita 250 kwa 250, na tarakimu ya daraja pale chini isipungue milimita 25. Zinatakiwa nne: ubavu wa kulia, wa kushoto, mbele na mlangoni. Melini makontena yanabanana, huenda ukaonekana upande mmoja tu. Ndiyo maana kila upande lazima useme wenyewe.

Angalia pia rangi ya kontena. Stika nyekundu juu ya kontena jekundu au la kahawia inapotea machoni, kwa hiyo tafuta yenye mstari wa nje unaoitenga.

Kamba_na_Kufuli
Kuhusu namba ya UN, huyo wa pili yuko sahihi nusu. Mzigo uliofungashwa ukizidi kilo 4,000 kwa uzito wa jumla, wote wa namba moja ya UN, na humo ndani hamna bidhaa nyingine ya hatari, namba inawekwa nje. Piga hesabu: pipa moja na ethanoli yake ni kama kilo 178, mara 80 inapita tani 14. Kwa hiyo 1170 lazima ionekane, tarakimu nyeusi zisizopungua milimita 65 kwa kimo. Njia ni mbili: ndani ya stika yenyewe, kwenye nafasi nyeupe kati ya mwali wa moto na tarakimu 3, au kwenye bamba la rangi ya machungwa la milimita 300 kwa 120 lenye ukingo mweusi, kando ya kila stika. Mimi ningechagua ile ya ndani. Mabamba manne ya ziada ni vitu vinne vya ziada vya kubanduka njiani.

Jina la bidhaa kwa nje ni la matangi na mizigo ya kumwagwa, si la mapipa. Liache.

Mpakizi_Jinja
Asanteni sana. Mteja anaomba tuongeze jerikani 20 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 35. Nikiongeza stika yake si yatosha?

MamaMakasha
Hapana, tafadhali usifanye hivyo. Hiyo ni UN 2014, daraja 5.1 (vioksidishaji) na hatari ya pili 8 (kemikali zinazobabua). Inatoa oksijeni na kulisha moto, na hapo jirani yake ni tani za spiriti. Jedwali la utenganishaji linataka daraja 3 na 5.1 zitenganishwe, basi hazipakiwi kontena moja. Stika haiondoi katazo hilo. Peroksaidi itafutiwe kontena lake.

Kamba_na_Kufuli
Nakazia. Ingekuwa rangi ya mafuta, UN 1263, ambayo nayo ni daraja 3, mngeweza kuchanganya. Stika zingebaki nne zilezile, ila namba ya UN isingehitajika nje kwa sababu zingekuwa mbili. Wengi hukosea hapo, wanaacha 1170 peke yake na kuficha nusu ya mzigo.

Gundi_Nalukolongo
Niongeze upande wa kubandika. Nunueni stika za vinaili. Karatasi hata ikifunikwa plastiki haifai: kanuni inataka alama zitambulike baada ya miezi mitatu ndani ya maji ya bahari, ili kontena likianguka, atakayeliokota ajue lina nini. Kabla ya yote, bandueni mabaki ya stika za safari iliyopita. Kontena lenye kipande cha daraja 8 kando ya 3 huzuiwa, kwa kuwa hati za mzigo na stika za kwenye bati havikubaliani.

Futeni vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, acheni pakauke, kisha bandikeni kuanzia pembe ya juu mkikandamiza kwa kipande cha mpira. Ubavuni bati lina mikunjo. Ikandamizeni hadi ndani ya kila bonde, maana hewa ikibaki hapo, upepo wa barabarani unaingilia hapohapo. Mlangoni, iwekeni kati ya vyuma vya kufungia, isifunike namba ya kontena wala kibao cha CSC (kibao cha idhini ya usalama wa kontena).

Mpakizi_Jinja
Nimeelewa. Cheti cha upakiaji anasaini ejenti?

Kamba_na_Kufuli
Anasaini aliyesimamia upakiaji, maana anathibitisha mapipa hayavuji, yamefungwa imara, na kontena lina stika sahihi. Kwenye tamko la bidhaa hatari usisahau nyuzijoto ya kushika moto. Kwa daraja 3 baharini ni lazima. Na mwambie mpokeaji wa Moroni: mapipa yakishatoka na sakafu ikiwa haina mvujo, stika zote nne zibanduliwe kabla kontena halijarudishwa.