Ukiulizwa kwenye fomu ya ulemavu, usiseme "hajambo"

Wadau, saa hizi ni saa sita usiku, mwanangu kalala, na mie hasira bado hazijanishuka. Leo nimekwenda hospitali mara ya tatu kutafuta karatasi moja ya kuonyesha kiwango cha ulemavu wa mwanangu, na mara ya tatu nimerudi mikono mitupu. Anayetaka kuniambia nishukuru kwa kuwa angalau nilihudumiwa, tafadhali apite.

Mwanangu ana miaka 11. Alipozaliwa alichelewa kulia, na baadaye tukaambiwa ni mtindio wa ubongo. Hatembei. Anasema, lakini wanaomwelewa ni mimi, nyanya yake na dadake. Akichoka shingo haishiki, na degedege humjia bila hodi. Zamani nilimbeba mgongoni kwa leso. Sasa ana kilo 28 na mgongo wangu umekwisha.

Kwa wasioijua njia hii hapa Kenya: kwanza mtoto anapimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoruhusiwa kufanya kazi hiyo. Wanajaza fomu, ulemavu ni wa aina gani na kiwango gani, inatiwa sahihi na mihuri, ndipo unaomba kadi ya ulemavu. Wengi hudhani ukishapata kadi pesa nazo zinakuja. Haziji. Pesa za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia nyumba maskini, zile Sh 2,000 kwa mwezi, zina mlango wake: mpaka usajili ufunguliwe, mpaka chifu na wazee wa mtaa wakutaje, mpaka ionekane nyumba yenu ni maskini kweli, na mpaka huyo mwenye ulemavu awe wa kiwango kikubwa, yaani hawezi kukaa bila mtu wa kumtunza mchana na usiku. Na hizo elfu mbili ni za nyumba nzima. Hazijaongezwa kwa zaidi ya miaka kumi. Unga umepanda mara ngapi?

Kwa hivyo neno moja analoandika daktari, "mkubwa" au "wastani", ndilo limebeba kila kitu.

Mara ya kwanza nilikwenda mwezi wa pili. Usiku wake sikukanda unga wa mahamri, na mahamri ndiyo kazi yangu, siku nisipouza hatuna cha kupika. Tuktuk kwenda na kurudi ilinitoka Sh 800, kwa sababu makanga wa matatu hawataki kusimama muda wa kumpandisha mtoto na kiti chake cha magurudumu. Tulifika saa moja asubuhi. Saa saba mchana tukaambiwa daktari mmoja hayupo, turudi siku nyingine. Nambari yangu ya simu walikuwa nayo kwenye daftari lao tangu asubuhi. Hakuna aliyeona umuhimu wa kuniambia mapema nimrudishe mtoto nyumbani, akakaa saa sita kwenye korido na nepi moja.

Mara ya pili tukaingia chumbani.

"Anakula mwenyewe?" Nikasema ndiyo, daktari. Akatia alama.

"Akiambiwa jambo anaelewa?" Nikasema anaelewa sana. Akatia alama.

"Usiku analala?" Nikasema alhamdulillah, analala. Akatia alama.

Dakika kumi hazikufika. Mwanangu anapenda watu, na muda wote ule alikuwa akimchekea daktari. Daktari naye akamchekea, akaandika, akafunga faili. Ulemavu wa wastani.

Naomba niandike hapa yale ambayo hayakuulizwa. Mwanangu anakula mwenyewe, akiwa amefungwa leso kifuani asianguke kitini, na mkono wangu umeshika kisogo chake. Kijiko nimekizungushia vitambaa mpini uwe mnene, ndipo vidole vikishike. Bakuli moja la uji linachukua saa nzima, nusu inaingia na nusu inamwagika. Nikiinuka kwenda kufungua mlango anaweza kupaliwa. Ameshapaliwa. Siku moja midomo ilimgeuka rangi mikononi mwangu na nikadhani nimempoteza. Hiyo ndiyo "ndiyo" yangu. Analala, nami naamka kila baada ya saa mbili kumgeuza ili asipate vidonda. Anaelewa, na kwa kuwa anaelewa, anasikia watu wanavyomjadili mbele yake kama gunia lililosahauliwa.

Basi kwa nini nilijibu vile? Swali hili limenila roho wiki nzima, na jibu nimelipata. Sisi huku Pwani tumelelewa hivyo. Mtu akikuuliza mtoto hajambo, unajibu hajambo, hata kama umekesha naye. Kumtaja mwanao kwa mabaya mbele ya mtu usiyemjua ni kama kumwombea hayo mabaya. Na mama wa mtoto kama wangu ana sababu zaidi. Miaka 11 nimesikia watu wakisema ni laana, wakisema nilikanyaga kitu, wakiniuliza kwa nini najisumbua. Kila siku nimewajibu kwa yale anayoweza: anacheka, anawajua watu kwa sauti, kaswida akiisikia anatulia. Halafu unaniweka mbele ya mtu mwenye koti jeupe kwa dakika kumi, na mtoto yupo pale pale anasikia, unataka nianze kumhesabia upungufu wake mmoja mmoja?

Mama anayejikaza ndiye anayeumizwa. Mwenye ndugu ndani ya ofisi huambiwa mapema aseme nini.

Simlaumu daktari peke yake, foleni iliyokuwa nje niliiona. Lakini swali lenyewe ni bovu. Usiniulize anaweza au hawezi. Niulize anaweza mara ngapi kwa siku, inamchukua muda gani, nani amemshika, na huyo mtu akiondoka kunatokea nini. Ukiuliza hivyo hata mimi na malezi yangu nitakujibu, kwa sababu nitakuwa nasimulia siku yangu, simtangazi mwanangu.

Hata sensa ya 2019 iliuliza kwa ngazi: huna ugumu, ugumu kidogo, ugumu mwingi, au huwezi kabisa. Walihesabiwa wenye ugumu mwingi na wasioweza, ikatoka asilimia 2.2 ya Wakenya wa kuanzia miaka mitano, watu kama laki tisa. Sensa ya 2009 ilikuwa imetoa asilimia 3.5, zaidi ya watu milioni moja. Najua njia ya kuuliza ilibadilishwa. Lakini Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu duniani wanaishi na ulemavu mkubwa. Nikiisoma ile 2.2 nawaona akina mama wenzangu, karani kasimama mlangoni na kishikwambi chake, nao wanasema hajambo.

Na si watoto tu. Kuna mwalimu jirani yetu alikatwa mguu juu ya goti baada ya ajali. Sheria inamsamehe kodi ya mapato kwenye Sh 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi. Cheti chake cha msamaha kikaisha muda, akaambiwa alete ripoti ya daktari upya. Mtu mzima akapanda ngazi kwa magongo, akapanga foleni, ili athibitishiwe kwamba mguu bado haupo. Miezi yote aliyosubiri, mshahara ulikatwa kodi.

Turudi kwa leo. Leo nilikwenda na daftari. Wiki tatu nzima niliandika kila kitu: degedege limeanza saa ngapi na limekaa dakika ngapi, ameamka mara ngapi usiku, chakula kimechukua muda gani, nepi ngapi. Nikaomba apimwe tena. Aliyekuwa dirishani hakulifungua hata ukurasa mmoja. "Mama, mtoto alishapimwa, matokeo ndiyo hayo." Nikamwomba basi anipe sababu kwa maandishi. Akacheka, akaniuliza mimi ni wakili.

Mimi si wakili, niliishia darasa la nane. Lakini kusoma najua. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inasema uamuzi wa kiutawala ukiathiri haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi, na mwaka 2015 ikatungwa sheria ya kuitekeleza. Ibara ya 54 inasema mwenye ulemavu atendewe kwa hadhi na heshima. Mwaka 2025 ikaja sheria mpya ya watu wenye ulemavu mahali pa ile ya 2003. Zote hizo zipo, na dirishani hakuna mtu wa kuniandikia mstari mmoja, "tumesema wastani kwa sababu hii."

Dada zangu mnaojiandaa kwenda kupimiwa watoto, msiende kama nilivyokwenda mie. Andikeni kabla, siku mbaya na siku nzuri zote. Ukiulizwa "anaweza?" usijibu kwa neno moja, eleza kuanzia mwanzo mpaka mwisho hata wakikuharakisha. Kama kuna mtu wa kumkalia mtoto nje kidogo, mtoe asisikie. Fomu ikishajazwa, omba uisome kabla ya sahihi, uipige picha. Kiwango kisipoandikwa sawa, sema pale pale, kwa sababu ukishatoka mlangoni utakutana na yule wa dirishani. Na msione haya. Mimi haya yangu imenigharimu miezi mitano mpaka sasa.

Kesho baada ya kuuza mahamri naandika barua kwa msimamizi wa hospitali, nakala naipeleka Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, ile yenye kaulimbiu "Hata Mnyonge Ana Haki". Nitaomba mambo mawili tu: sababu kwa maandishi, na mwanangu apimwe upya na mtu atakayelifungua lile daftari.

Aliyewahi kuandika barua kama hiyo na akajibiwa, aniambie aliianza vipi. Kalamu ninayo mkononi na ukurasa bado una anwani tu.