Tupeane uzoefu: mtu wako anatoka rihabu, unampokea vipi?

Mama_Tatu (Kaptembwo, Nakuru)
Habari zenu. Naandika nikiwa kazini, mnivumilie. Mume wangu anamaliza siku 90 za rihabu, kituo cha kuacha pombe, Ijumaa ya wiki ijayo. Ni fundi wa kuchomelea, na kazi anaijua, lakini miaka sita sasa kila anachopata kinaishia kwa mama pima, muuza chang'aa wa nyuma ya ploti. Nimeuza cherehani. Nimempigia bosi wake simu kusema ana malaria, mpaka siku moja bosi akaniuliza, "Mama, hiyo malaria huja Jumatatu tu?" Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Sasa watu wananiambia Mungu ametenda, na mimi naogopa kuliko zamani. Mlevi nilikuwa nimemzoea. Huyu anayerudi simjui. Simu yake ya M-Pesa nishike mimi? Marafiki zake niwafukuze? Nimnuse akiingia? Mliopitia haya nipeni yenu ya kweli, mahubiri nimeshayasikia.

Nyalenda_B (Kisumu)
Pole, dadangu. Angalau wako amepitia mikono ya wanaojua. Mimi naandikia wale wanaosoma hapa kimya, ambao mtu wao bado anakunywa.

Kaka yangu alikuwa akinywa chang'aa kila siku, asubuhi ya kutoa loki, ule uchovu wa pombe ya jana, jioni ya kulala. Tukakaa kikao cha familia tukaamua kumfungia. Ijumaa jioni tukamtia chumbani na ndoo, godoro na jagi la uji. Usiku huo mikono ilitetemeka hadi uji ukamwagika kifuani, akashindwa kufikisha kikombe mdomoni. Jumamosi jasho lilikuwa linamtiririka kama anayelima. Usiku wake akaanza kupangusa blanketi, anatoa siafu. Siafu hawakuwepo. Alfajiri ya Jumapili akaanguka, meno yamekazana, mwili unaruka. Tulimbeba kwa tuktuk, miguu yake ikiwa nje.

Daktari alituuliza nani alitoa wazo la kufuli. Hakuna aliyejibu. Akatueleza kwamba ubongo wa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka umeshajipanga kuishi na pombe. Ukiikata ghafla, degedege inaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili au ya tatu mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa na hata kufa. Walimpa diazepam wakiipunguza siku baada ya siku, na sindano za vitamini B1. Leo ana mwaka mmoja na miezi minne. Lakini jamani, mlevi wa kila siku usimfungie nyumbani. Mpeleke hospitali, na kama hujui pa kuanzia, NACADA, wale wa serikali wanaoshughulikia pombe na dawa za kulevya, wana nambari 1192, haikatwi pesa.

Mtumishi_Bondeni
Dada, pombe ni pepo. Akitoka tu mlete kesha la Ijumaa.

Nyalenda_B (Kisumu)
Maombi nasi tulifanya, mtumishi. Tuliyafanyia kwenye benchi ya hospitali.

Mwaka_wa_Tatu (Free Area, Nakuru)
Mama Tatu, mimi ni upande wa pili, ndiye niliyekuwa nikisubiriwa.

Nilikuwa dereva wa lori. Kila mwisho wa mwezi mke wangu alinilipia deni la pombe ili tusiaibike mtaani. Yeye aliona analinda jina la nyumba, mimi nikajiona nina mdhamini. Sheria ya pombe ya 2010, ile ya Mututho, inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, lakini mama pima hana saa, na mwenye mdhamini hana haraka. Siku moja mke wangu akamwendea, akamwambia mbele ya wateja, "Kuanzia leo deni lake ni lake." Nilimchukia miezi miwili. Usiku mmoja nilipiga mlango na matusi juu, hakufungua. Alinirushia blanketi dirishani. Matusi niliyotoa siyakumbuki, ila rangi ya ile blanketi naikumbuka hadi leo.

Kuhusu kunusa: usimnuse. Nilipotoka rihabu mara ya kwanza mke wangu alinikumbatia kila jioni, na kwa namna alivyovuta pumzi nilijua napimwa. Siku ya kumi na tisa nikasema kama nanuswa bure, afadhali ninuke. Nikanuka. Simlaumu, glasi niliinua mwenyewe. Nakueleza tu jinsi kichwa chetu kinavyofanya kazi wiki zile.

Pesa: ukimnyang'anya atatafuta njia. Mara ya pili niliomba mwenyewe mshahara uingie kwa simu ya mke wangu kwa miezi sita, mimi nibaki na nauli na ya chai. Muulize, labda ataomba.

Halafu kuna dawa inaitwa disulfiram. Niliimeza kwa maagizo ya daktari na ilinisaidia. Shemeji yangu alikuwa ameshauri nitiliwe kwenye chai kisirisiri. Asithubutu mtu! Ikikutana na pombe uso unawaka, moyo unadunda, unatapika, presha inashuka, na mtu anaweza kufa asijue kilichompata. Anayeimeza lazima ajue, na hata dawa ya kikohozi aulize kwanza kama ina pombe. Mikutano ya AA, ya walevi wanaosaidiana kuacha, naendelea nayo. Ya familia inaitwa Al-Anon, hiyo ni yako wewe, si yake.

Omwana_wa_Shinyalu (Kakamega)
Kwetu ni mama. Mume unaweza kumfungia mlango, mama je? Na busaa aliyopika ndiyo ilinilipia karo hadi kidato cha nne. Unaanzia wapi kumwambia mtu kama huyo pombe ni mbaya?

Baba alipofariki mama alihama kutoka kuonja busaa hadi chang'aa. Aliacha baada ya kutapika damu. Kilichomrudisha ni matanga. Mnaotoka huku mnajua: mtu akifa boma linajaa wiki nzima, chungu kinakaa katikati, wazee na mirija yao, na ukikataa unaambiwa unaringa. Alienda kumzika mjomba, akarudi nyumbani akibebwa.

Siku hizi tunaenda siku ya mazishi tu. Tunafika ibada ikianza, na thamosi yetu ya chai, mimi nakaa ubavuni pake, na jua halituchwei hapo. Mzee mmoja alisema tumemgeuza mama mlokole. Nikamjibu ndiyo. Lile pipa la kupikia sasa linakinga maji ya mvua. Saa iliyokuwa ngumu ni saa kumi jioni, wateja walipokuwa wakianza kufika. Tulimletea kuku arobaini, saa kumi ndipo wanapolishwa.

Nimenyamaza (Bungoma)
Mimi niliondoka na watoto. Bado anakunywa. Mchango wangu ndio huo.

Mama_Tatu (Kaptembwo, Nakuru)
Nimenyamaza, nimekusoma. Asante kwa kuandika.

Wengine, amerudi, leo ni siku ya kumi na mbili. Sijamnusa, ingawa pua yangu haijui hilo. Bosi amemchukua tena kwa majaribio. Pesa aliomba mwenyewe, kama ulivyosema, Mwaka wa Tatu, ila aliomba huku ameangalia ukuta. Tatizo ni njia. Njia fupi ya kutoka kazini inapita kwa mama pima, kwa hiyo anazunguka na stejini, dakika ishirini zaidi, na hizo dakika ishirini mimi hufa kila siku. Alhamisi nilimwambia. Akasema sawa, akifika stejini atakuwa anabipu.

Leo ni mwisho wa mwezi. Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Hajabipu. Mboga nimeitoa motoni, watoto nimewaambia baba anakuja.

Ngojeni kidogo, simu.