Naomba riwaya: siasa na mapenzi ya jinsia moja ndani ya kitabu kimoja

Mchelewa_Kulala
Wakuu, habari za jioni. Nimemaliza Haini ya Adam Shafi na akili bado iko gerezani. Sasa natafuta riwaya ambayo siasa na maisha ya mtu anayependa wa jinsia yake vinabanana humohumo, moja isiwe pambo la nyingine. Kiingereza nasoma, Kifaransa cha kubabaisha. Nitajieni mlichosoma wenyewe, si mlichosikia.

KurasaZaPwani
Kama umetoka Haini, usihangaike. Manuel Puig, Muargentina, 1976. Kwa Kiingereza ni Kiss of the Spider Woman. Seli moja Buenos Aires, wafungwa wawili: Valentín, mwanamapinduzi wa Kimarx, na Molina, mpambaji wa madirisha ya maduka, aliyeingia kwa kesi ya kumpotosha mtoto chini ya umri. Usiku Molina anamhadithia mwenzake filamu alizoziona. Kumbe wakubwa wa gereza wamemuahidi kumtoa mapema akimchimba Valentín! Na moyo nao umeshaanza kuegemea kwa huyohuyo anayepaswa kumuuza. Karibu kitabu kizima ni mazungumzo, msimulizi humuoni. Kuna tanbihi ndefu za wanasaikolojia, wengi huziruka. Usiziruke. Kwao Argentina kilipigwa marufuku.

Bibi_Maktaba
Mwanangu, soma pia Under the Udala Trees ya Chinelo Okparanta (2015). Vita vya Biafra, Ijeoma ni Mwigbo, Amina ni Mhausa, wote mabinti wadogo. Mama Ijeoma anamkalisha na Biblia siku baada ya siku ili "apone". Kusema kweli vita vinafifia baadaye, ndoa inachukua nafasi. Ila mwishoni mwandishi anakukumbusha sheria dhidi ya mapenzi ya jinsia moja aliyoisaini Goodluck Jonathan, rais wa Nigeria wa wakati huo, Januari 2014, hadi miaka 14 jela, ukaona siasa haikwenda popote.

Ngumu_Kumeza
Mambo ya Wazungu haya. Hakuna vya kwetu?

Mchelewa_Kulala
Mkuu, Biafra iko Ulaya ipi?

Dakika_za_Jioni
😂 Mpeni na Mohamed Mbougar Sarr wa Senegal, De purs hommes (2018). Video inazunguka kwenye simu: umati unafukua maiti ya kijana makaburini kwa kuwa eti alikuwa shoga. Mwalimu wa chuo kikuu anaitazama, mwanzoni hajali sana, kisha haimtoki. Hakuna chama wala uchaguzi humo. Siasa yake ni msikiti, baba na majirani. Sarr alipopata Goncourt, ile tuzo kubwa ya vitabu ya Ufaransa, 2021 kwa kitabu kingine, huko kwao wakamrudia kwa hiki.

KurasaZaPwani
Ukitaka siasa ya bungeni kabisa, The Line of Beauty ya Hollinghurst. Nick anaishi kwa mbunge wa Conservative, London ya Thatcher, ukimwi unaingia polepole. Kuna sherehe Nick anacheza muziki na Thatcher mwenyewe. Lakini sentensi zake zinataka subira, usianze nayo.

Mchelewa_Kulala
Naanza na Puig. Sarr nitamsoma na kamusi pembeni. Bibi, shikamoo, ile ya Okparanta unaazimisha?

Bibi_Maktaba
Marahaba. Naazimisha, ila ukikunja kurasa tutagombana.