Wageni wanasahau maneno kabla ya wiki kuisha, nifanyeje?

Mwalimu_Chumbageni
Wakuu, habari za humu. Nafundisha Kiswahili wageni watu wazima hapa Tanga. Kila kipindi naandika maneno 25 ubaoni, wanayanakili pamoja na maana kwa Kiingereza, lakini wiki inayofuata hata nusu hawayakumbuki. Projekta sina, bajeti ni ya kuungaunga. Mbinu gani zinafaa?

BintiNgamiani
Mwalimu, 25 ni mzigo. Shusha hadi 10 au 12. Pia usifundishe siku moja maneno ya ukoo mmoja, kama rangi zote au kulia na kushoto. Yanagongana kichwani, Thomas Tinkham alilionyesha hilo kwenye utafiti wake wa 1993. Kulia kukishakaa sawasawa, ndipo ulete kushoto.

Kadi ni rahisi: manila moja ikatwe vipande 16. Mbele chora picha. Nyuma usiandike Kiingereza, andika umoja na wingi ndani ya sentensi: "Kikombe kimevunjika. Vikombe vimevunjika." Mgeni aliyekariri "kikombe" peke yake atakwambia "kikombe imevunjika" mpaka anapanda ndege. Paka ukingo rangi moja kwa kila ngeli.

Kisha tafuta maboksi matatu ya viatu. La kwanza linapitiwa kila siku, la pili kila baada ya siku 3, la tatu mara moja kwa wiki. Akipatia, kadi inasonga mbele. Akikosa, inarudi la kwanza. Kinachoharibu ni haraka ya kugeuza kadi. Asigeuze kabla hajatamka jibu, hata la kubahatisha, maana kule kujikamua ndiko kunakomkumbusha kesho.

Wa_Kaole
Kadi sawa, ila vitenzi vipeleke jikoni. Huku Bagamoyo somo la tui linatosha kipindi kizima: mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia, bakuli, mwiko, nazi mbili. Vitenzi sita: vunja, kuna, kamua, chuja, koroga, onja.

Mzunguko wa kwanza unasema huku unafanya, wao wanatazama tu. Wa pili unasema, wao wanafanya. Wa tatu wao wanaamuru, wewe unafanya, na ukosee makusudi: wakisema "chuja", wewe koroga. Watapiga kelele, na hapo ndipo neno linaingia. Kabla ya kupika kweli, fanyeni zoezi kwa vyombo vitupu na uvuruge mpangilio, la sivyo watafuata mazoea ya hatua bila kusikiliza neno.

Tahadhari moja: ukisema "kuna nazi", mgeni anadhani unamwarifu kwamba nazi zipo. Sema "ikune nazi". Tui la kwanza zito, la pili jepesi, na chicha, yale makapi yanayobaki, usitupe: nayo ni neno la kufundisha.

Mwalimu_Chumbageni
Asanteni sana. Na namba? Na saa zetu zinawatesa.

Mzee_wa_Raskazone
Namba unazo mtaani, mwalimu. Barabara za Ngamiani hapa Tanga zinaitwa kwa namba, kwa hiyo watume wawili wawili: watoke barabara fulani wafike nyingine kwa kuuliza tu, simu zibaki darasani. Njiani walete bei ya fungu la nyanya, bei ya nazi moja, na jina la samaki wasiyemjua. Maswali usiwaandikie, wakiwa na karatasi watamwonyesha muuzaji na kunyamaza. Na wauzaji waombe mapema wasijibu kwa Kiingereza, maana ukarimu wetu huo ndio unaotuharibia somo.

Saa: tumia saa ya ukutani yenye akrabu, si ya simu. Wasome namba inayokabiliana na akrabu fupi. Ikielekea 8, ng'ambo yake ni 2, basi ni saa mbili. Wafanye hivyo kwa saa kamili kwanza. "Kasorobo" isubiri, kwani wanaanza kutoa dakika kwenye saa isiyo yake.

BintiNgamiani
Wakirudi, yale majina ya samaki yaingie kwenye kadi siku hiyohiyo, boksi la kwanza.