Majarida ya muziki yanazungumza na vijana au yanawachota akili?

Kalamu Kavu (mleta mada): Wakuu, tulijadili hili bila matusi. Shika jarida lolote la muziki linalolenga vijana, la sasa au la miaka ya themanini, mbinu ni zile zile. Msanii anakukazia macho, kichwa chake kimefunika nusu ya jina la jarida. Chini yake kuna nukuu iliyochomolewa kwenye mahojiano, kali kuliko mahojiano yenyewe. Alama za mshangao kila kona. Neno BURE limekuzwa kupita jina la mwanamuziki, kumbe ni bango la kubandika ukutani. Ndani mwandishi anakuita "wewe" kana kwamba mmesoma darasa moja. Mimi naona hiyo ni dharau: watu wazima wanaiga misimu ya watoto ili matangazo yauzike. Na wanafanikiwa kwa sababu vijana hawasomi, wanaangalia picha tu.

Binti Gita: Nimekufuata vizuri mpaka sentensi ya mwisho, na hiyo ndiyo ninayoijibu. Vijana hawasomi? Smash Hits ya Uingereza ilipoanza 1978, kivutio chake kikubwa kilikuwa maneno ya nyimbo, yamechapwa ubeti kwa ubeti. Watoto walitoa hela zao kununua maandishi. Mimi mwenyewe nilipenda kusoma kupitia majarida ya aina hiyo, si kupitia vitabu nilivyolazimishwa.

Kalamu Kavu: Kukariri kiitikio si kusoma, dada.

Ngoma Nzito: Kwa hiyo anayekariri shairi la darasani anasoma, wa kiitikio hasomi? Mkuu, hapo umechemka. Anayejua kila neno la albamu nzima, na aliyeitunga, na aliyeitengeneza studio, unamwita asiyesoma?

Kalamu Kavu: Sijasema hivyo. Nimesema wanaangalia picha.

Ngoma Nzito: Umesema "hawasomi". Bandiko lako liko hapo juu.

Wino Mweusi: Mnagombana pembeni. Mleta mada kagusa na sura ya ukurasa, hakuna aliyeishika. Wadau mnalikumbuka jarida la Ray Gun la Marekani? Ilianza 1992, msanifu wake David Carson. Mistari inapandana, safu zinaingiliana, sentensi inakatika hujui imeendelea wapi. Kama sikosei ni 1994, aliona mahojiano ya mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu. Hapasomeki hata neno moja! Huyo ndiye aliyeamua kwamba kijana haji kusoma.

Binti Gita: Mimi naona kinyume kabisa. Ukurasa mgumu unamwambia msomaji: najua unaupenda muziki huu kiasi cha kuhangaika nami. Unamchukulia kuwa na akili. Dharau ni ule ukurasa uliotafunwa mpaka hauna kitu cha kugundua.

Ngoma Nzito: Na kisa hicho kila mtu anakikatisha njiani. Maandishi yote ya mahojiano yale yaliwekwa nyuma ya toleo lile lile, kwa herufi za kusomeka. Aliyetaka kusoma alisoma.

Wino Mweusi: Nyuma! Mwandishi alikwenda kuhoji, akaandika, akahariri, halafu msanifu anaamua kazi yake inachosha na kuisukuma nyuma. Mimi naandika kwa riziki yangu. Nimewahi kukatiwa makala nusu nzima ili picha ya msanii ipate nafasi ya kupumua, na mstari uliokatwa ndio uliobeba hoja. Msinifundishe kwamba huo ni ubunifu.

Binti Gita: Pole kwa hilo, kaka. Lakini maumivu ya mwandishi na faida ya msomaji ni vitu viwili.

Mzee wa Santuri: Wanangu, mnazunguka mbali. Tazameni Kerrang!, jarida la roki la Uingereza. Ilizaliwa 1981, jina lenyewe ni mlio wa gita la umeme, na jalada la kwanza alikaa Angus Young, mpiga gita wa bendi ya AC/DC. Jina limeandikwa kwa herufi zilizopasuka kama kioo kilichopigwa jiwe. Kijana wa metali, ile roki nzito, akisimama mbele ya rafu analijua lake kabla hajasoma neno. Huyo hajadanganywa, ameitwa kwa jina lake. Kilichoharibu yote ni mitandao. Smash Hits iliuawa na Instagramu.

Ngoma Nzito: Shikamoo mzee. Smash Hits ilifungwa 2006, Instagramu ikaja 2010. Iliuawaje na kitu ambacho hakijazaliwa?

Mzee wa Santuri: Marahaba. Nimesema mitandao, umeng'ang'ania mmoja. Chukua NME basi, jarida la muziki la Uingereza: Septemba 2015 ikaanza kugawiwa bure, Machi 2018 toleo la karatasi la kila wiki likakoma.

Ngoma Nzito: Hiyo inaipa nguvu hoja ya mleta mada, mzee. Toleo la kwanza la bure lilimweka Rihanna kwenye jalada. Simpingi Rihanna, nampenda. Lakini jarida lililojijenga kwa bendi za gita lilikuwa sasa linamtafuta kila mpita njia, na lugha yake ikalegea hivyo hivyo. Ukitaka kuzungumza na wote, unapoteza ile lugha ya siri iliyowafanya wasomaji wako wajione ni kundi. The Source, jarida la hip hop la Marekani, ilijua hilo. Ilianzishwa 1988 na wanafunzi wa Harvard, na albamu zilipewa maikrofoni badala ya nyota. Mtu wa hip hop alikuwa anabishana wiki nzima kwa nini fulani kapewa nne na si tano. Nani aliyemwiga nani hapo?

Kalamu Kavu: Wanafunzi walioandika kwa ajili ya wenzao, sawa, hao nawaheshimu. Nasema wale watu wazima. Majina ya utani ya waimbaji wa kundi la Spice Girls hayakutoka kwa mashabiki, yalitungwa na jarida la Top of the Pops, 1996. Wanawake watano wakabandikwa lebo kama bidhaa.

Binti Gita: Na wasichana wakayachukua yakawa yao! Kila shuleni palikuwa na watano wanaogawana majina yale. Wewe unaona lebo, sisi tuliona mchezo tulioingia wenyewe.

Dada wa Besi: Ngoja kwanza. Mliogawana mlikuwa mnagombea lipi, na lipi lilibaki kwa nani? Mwenye asili ya Afrika pekee kati ya wale watano ndiye aliyeitwa Scary, wa kutisha. Mimi ndiye niliyekuwa nasukumiwa hilo kila mara, bila kuulizwa. Lugha ya kuvutia vijana, sawa. Inavutia nani, kwa gharama ya nani?

Mzee wa Santuri: Jambo zito hilo, binti yangu. Lakini nirudi kwa umri. Aliyeanzisha Smash Hits, Nick Logan, alikuwa na zaidi ya miaka thelathini na alishakuwa mhariri wa NME. Neil Tennant aliandika humo akikaribia thelathini, kabla bendi yake ya Pet Shop Boys haijampa jina. Watu wazima wale waliandika lugha ambayo watoto waliipenda.

Ngoma Nzito: Na upande wa pili, NME ilitangaza nafasi 1976 ikamchukua mwandishi Julie Burchill hajafika miaka 18. Mwandishi Cameron Crowe alikuwa na miaka 16 jarida la Rolling Stone la Marekani lilipochapisha makala yake ya jalada kuhusu bendi ya Allman Brothers, 1973. Waajiriwe vijana, ubishi uishe.

Kalamu Kavu: Hapo tunaelewana. Mpeni kijana kalamu, si kumwigia sauti.

Wino Mweusi: Na wahariri waache kumkatia makala ili picha ipumue.

Dada wa Besi: Mmefurahi mmepatana. Mimi nimeuliza kuhusu jina, mmenijibu kwa umri wa wahariri. Walikaa watu ofisini, mmoja akalitamka, wengine wakaona linamfaa yule na si mwingine, likapelekwa mitamboni. Hata angekuwa na miaka 16 aliyelitamka, lingepita. Nijibuni hilo kwanza.