Gari inachemsha ikipanda mlima tu, naomba ushauri

Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga mjini, nina gari dogo (saluni) la mwaka 1996, petroli, cc 1500. Hapa mjini, hata kwenye foleni na jua la mchana, mshale wa joto unakaa katikati. Nikianza kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto unakaribia nyekundu.

Themostati (vali ya maji ya kupoza injini) na mfuniko wa rejeta ni vipya, feni inawaka, mipira ya maji haivuji. Oili haijawa kama maziwa, moshi mweupe hakuna, ila maji ya rejeta yanapungua taratibu na sioni yanakokwenda. Hilo ndilo linanitia wasiwasi.

Fundi anataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini), gharama si ndogo. Je, kuna kipimo cha kuthibitisha gasketi ya hedi (kizibo kati ya hedi na bloku ya injini) imeungua kabla ya kufungua? Na rejeta iliyoziba ndani inaweza kuleta dalili zote hizi?